Ukichangisha, Rudi na Daftari

Stoo ilikuwa imejaa katoni za biskuti mpaka karibu na dari. Pembeni palikuwa na viroba vya sabuni ya unga, marobota ya mitumba, na soda za kopo ambazo muda wake wa kutumika ulikuwa umebaki wiki mbili. Tulikuwa watu kumi na wanane kutoka kazini, tumefika Jumamosi asubuhi kwa Coaster ya kukodi kwenye makao ya watoto pembezoni mwa Dar es Salaam. Na sisi tulibeba biskuti, sabuni na soda. Watoto waliimba, tukagawa, tukapiga picha. Wenzangu walipoanza kurudi kwenye gari nilibaki nyuma na mama mlezi, nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa wiki mbili kabla.

“Mama, hivi hapa mnapungukiwa na nini hasa?”

Aliangalia mlangoni kwanza. “Mwanangu, nikuambie kweli? Umeme umebaki uniti sita. Na hawa wa sekondari wako wanane, nauli yao ya wiki ijayo sina.”

Fedha tuliyokodia Coaster peke yake ingewapeleka wale wanane shule kwa miezi kadhaa. Tulichanga siku ile ile tukanunua umeme wa LUKU, tukaacha na nauli, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na uzito. Hakuna kati yetu aliyekosa huruma. Tulikosa kuuliza, basi. Na tangu siku hiyo nimekaa kwenye kamati za michango zisizopungua kumi, nyingine kama mjumbe, nyingine kama katibu, na kila ilipoharibika iliharibika kwa njia moja kati ya mbili: ama tulianza bila kujua bei ya shida yenyewe, ama tulimaliza bila kuwarudia waliotoa.

Naandika haya kwa sababu msimu wenyewe uko mlangoni. Masika yakishapita, kuanzia Juni mpaka vuli inapoanza Oktoba, jiji hili huwa halina Jumamosi wala Jumapili tupu. Mbio za hisani, matembezi, mnada wa kanisa, bonanza la mtaa, chakula cha jioni cha kuchangia wodi, uchangiaji damu, usafi wa ufukwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na kwa jinsi simu yangu inavyolia, nadhani kila mmoja wao yuko kwenye kamati fulani. Leo unachangishwa, mwezi ujao unachangisha. Kwa hiyo nitasema na wewe katika nafasi zote mbili.

Tuanze na wewe mwenye mfuko.

Jambo la kwanza ni kutenga fungu. Mtu anayetoa kwa kushtukizwa hutoa kwa aliyemsumbua zaidi, si kwa mwenye shida zaidi. Chukua mshahara au faida ya mwezi, amua kiasi unachoweza kukitoa bila kukopa, halafu kigawe mara mbili: fungu la shughuli na fungu la hisani. Nasisitiza kuyatenganisha kwa sababu hapa mjini kadi za harusi, sendoff na kipaimara humeza kila kitu. Mtu ametoa laki tatu kwa mwaka kwenye kumbi za sherehe, kisha akiletewa habari ya mtoto wa jirani anayehitaji upasuaji anasema ameishiwa, na kweli ameishiwa. Siwakatazi watu harusi. Ninachosema ni kwamba ukiwa na mafungu mawili, unaweza kumwambia mwenye kadi kwa heshima, “Ndugu yangu, la mwezi huu limekwisha, niweke mwezi ujao,” na fungu la hisani likabaki salama.

La pili, chagua hafla zako mwaka unapoanza. Nyingi zina tarehe zinazotabirika. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu Duniani. Agosti huwa kuna mbio za Benki ya CRDB, ambazo tangu zilipoanza mwaka 2020 zimechangia upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na baadaye zikaongeza kinamama wenye ujauzito hatarishi wanaohudumiwa katika hospitali ya CCBRT. Karibu na wakati huo huo mashabiki wa Simba na Yanga, katika wiki za kilele cha klabu zao, hutembelea wagonjwa na kujipanga foleni kutoa damu. Oktoba, karibu na Siku ya Nyerere tarehe 14, kuna mbio za Rotary. Hata hafla za nje ya jiji zinagusa hospitali zetu: mbio za NBC kule Dodoma zimekuwa zikichangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ukiziona zote mbele yako unaweza kuchagua mbili au tatu zinazokugusa na kuzifuatilia, badala ya kutupa elfu mbili mbili kila mahali.

Na kama moyo wako uko kwa watoto au wazee walioko makaoni, nenda Februari. Nenda Mei, mvua ikinyesha. Ramadhani makao hupata futari na sadaka, Desemba hujaa wageni mpaka watoto wanachoka kuimba. Wiki mbili baada ya Mwaka Mpya geti linafungwa na hakuna anayebisha hodi, na wakati huo ndipo madaftari, sare na nauli vinapohitajika. Piga simu kabla. Omba orodha, na uombe wakutajie vitatu vya kwanza. Wengi wataona haya kusema “umeme” au “mshahara wa mpishi”, kwa hiyo wasaidie kwa kuuliza moja kwa moja: LUKU ikoje, bima za afya za watoto zimelipwa, nani ana deni la dawa? Uliza pia leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na msimamizi mwaminifu hakasiriki akiulizwa. Mara nyingi imetundikwa ukutani ofisini.

Sasa hili la simu. Kila siku inaingia picha ya mtoto kitandani, mirija puani, na namba ya kutuma pesa. Nyingine ni kweli tupu. Nyingine ni picha ya mtoto wa nchi nyingine ambayo imeshapita mikono mia. Usitume kwa sababu machozi yamekulenga, na usipuuze kwa sababu umewahi kuibiwa. Kuna njia ya kuhakikisha, na haichukui nusu saa. Hospitali za umma, Muhimbili ikiwemo, hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, ile yenye tarakimu 12 ambayo mtaani tunaiita kontroo namba. Mwambie anayechangisha akuombee namba hiyo ya ankara ya mgonjwa, ulipe huko huko. Ukilipa hivyo fedha inaingia hospitalini na si kwenye simu ya mtu. Kama ugonjwa haujafika kwenye ankara, yaani shida ni chakula cha anayeuguza au nauli ya kutoka mkoani, omba jina la wodi na uende, au umtume mtu unayemwamini. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na maofisa wake wanawajua wagonjwa waliokwama.

Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama tangazo linasema ni taasisi na jina linalotokea ni la mtu, simama, uliza. Shirika lililosajiliwa lina cheti kutoka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na kikundi kidogo cha mtaa hutambuliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Na ukituma kwa simu ya mtu, tuma na ya kutolea. Elfu kumi ikifika kwa mlengwa hukatwa akienda kuitoa kwa wakala, na mgonjwa ndiye anayelipa makato uliyoyasahau.

Kama huna fedha kabisa, una damu. Natamani hili lisemwe kwa sauti kubwa kuliko linavyosemwa, maana kila mama anayevuja damu leba na kila mtoto mwenye selimundu anaitegemea chupa iliyotolewa na mtu asiyemjua. Ukiwa na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema, unaweza kutoa. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Chupa moja ni kama mililita 450. Kula vizuri asubuhi, kunywa maji mengi, na usiende umetoka kukesha. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Mashariki kipo Ilala Mchikichini, huna haja ya kusubiri bonanza. Novemba 2024 jengo lilipoporomoka Kariakoo, watu wa jiji hili walichimbua kifusi kwa nyundo na mikono mitupu. Ari ipo, ila damu ya mtu atakayepata ajali Jumanne ijayo huwa imeshatolewa wiki zilizopita na mtu ambaye hakuona msiba wowote mbele yake.

Haya, sasa wewe uliyepewa kamati. Hapa nina mengi zaidi, maana hapa ndipo nilipojifunza kwa kuumia.

Usitangaze kitu chochote kabla hujashika karatasi yenye bei. Kama ni matundu ya vyoo vya shule, mwite fundi apige hesabu ya tofali, saruji, nondo na ufundi, kisha mwingine apige ya kwake. Kama ni mgonjwa, shika makadirio ya hospitali. “Tunachangia watoto wenye uhitaji” haimwambii mtu lini ameshatoa vya kutosha. “Tunahitaji mifuko 60 ya saruji, tumepata 22” inamwambia. Nimeona muuza mihogo akitoa mfuko mmoja wa saruji mahali ambapo angetoa mia tano, kwa sababu alijua mfuko wake utakuwa wa ishirini na tatu.

Kisha fanya hesabu ya hafla yenyewe, na uifanye bila kujionea huruma. Chukua mbio za mtaa za watu 300, ada shilingi 30,000. Zinapatikana 9,000,000, watu wanashangilia. Tuseme fulana na medali zinakula 15,000 kwa kila mtu, yaani 4,500,000. Turubai, viti, muziki na maji, 2,000,000. Gari la wagonjwa, ulinzi na usafi, 800,000. Zinabaki 1,700,000. Katika elfu thelathini za kila mkimbiaji, zilizokwenda kwa mlengwa hazifiki elfu sita. Sasa ondoa fulana na medali, shusha ada mpaka 15,000. Zinapatikana 4,500,000, unatoa 2,800,000 za gharama zilizobaki, zinabaki 1,700,000 zile zile. Yaani ile fulana haikuongeza hata shilingi moja, na pengine iliwafungia nje vijana mia waliokuwa na elfu kumi na tano lakini hawana thelathini. Ukipata turubai na viti vya msikiti au kanisa, na mwenye duka la jumla akatoa maji, zile milioni mbili zikishuka hadi laki saba, unampelekea mlengwa 3,000,000. Fulana watengenezewe wanaozitaka, wazilipie kando.

Sheria ninayoishikilia kwenye kamati zangu ni kali zaidi ya hapo: gharama ya hafla isizidi robo ya makusanyo, na iandikwe kwenye tangazo. Wajumbe huogopa kuiandika. Lakini mtu akishaona mmeandika “katika kila elfu kumi, elfu saba na mia tano zinakwenda kwa ujenzi”, anawaamini kabla hajawaona.

Tarehe ichaguliwe kwa akili. Usipange Januari, mwezi wa ada. Usipange katikati ya mwezi, mishahara imeshakwisha. Usipange Machi mpaka Mei uwanjani bila mpango wa mvua. Na kwa vyovyote vile, angalia ratiba ya ligi: siku Simba na Yanga wanapokutana hakuna mgeni rasmi wala mwimbaji atakayewaletea watu. Ukishapata tarehe, waulize majirani wa kanisa na msikiti kama wana mhadhara au harambee yao siku hiyo. Kugombania watu wale wale Jumapili moja huwaumiza wote wawili.

Kuhusu mahali, nina ombi. Hafla nyingi hukusanyika Oysterbay, kwenye Daraja la Tanzanite na Viwanja vya Farasi, au Leaders na Diamond Jubilee. Ni sehemu nzuri, barabara ni pana, kamera zinafika. Lakini mtu wa Gongo la Mboto anayetakiwa kuwa kwenye mstari saa kumi na mbili asubuhi anaondoka kwake usiku, na daladala bado hazijachangamka. Peleka hafla Mbagala Zakhem, Mwembeyanga, Kigamboni, kwenye uwanja wa shule ya msingi Kimara au Tegeta. Vikundi vya jogingi viko kila kata, vinakimbia kila Jumapili kwa gharama zao wenyewe, na vinaweza kukuletea watu 200 kwa simu moja kwa kiongozi wao. Hawajaombwa tu.

Vibali visikutishe, ila visiachwe mpaka dakika ya mwisho. Anza na serikali ya mtaa: mwenyekiti na mtendaji wakikujua, mambo mengine yanarahisika. Mkusanyiko na maandamano yanahitaji taarifa polisi angalau saa 48 kabla, lakini wewe peleka barua wiki tatu kabla, maana kama njia inakatiza barabara kubwa utahitaji pia askari wa usalama barabarani, na hao wana ratiba. Mbio za ushindani zenye zawadi ziongee na Riadha Tanzania. Kama kutakuwa na muziki wa jukwaani, pita kwa afisa utamaduni wa manispaa. Weka nakala ya kila barua kwenye faili moja, na faili lenyewe liwepo uwanjani siku ya tukio, si nyumbani kwa katibu.

Kuhusu mgeni rasmi, zungumzeni naye mapema. Mwambieni muda wake ni dakika kumi, na kwamba mtamngoja kwa nusu saa, kisha mtaanza. Nimeona watoto wenye ulemavu wakikaa juani saa mbili na nusu, wakimsubiri mtu aliyekuja kusema anawapenda. Kama mnahitaji mtu wa kuwavuta watu kuchangia, tafuteni mwendesha mnada mzuri wa kanisani. Yule anayeweza kuuza jogoo mmoja mara nne, kila mnunuzi anamrudisha auzwe tena, ni hazina kuliko mgeni yeyote. Na ahadi ziandikwe papo hapo kwa jina, kiasi na tarehe, zifuatiliwe ndani ya siku kumi na nne. Wiki ya kwanza mtu bado ana joto la siku ile. Baada ya mwezi unamdai kama mkopeshaji, na urafiki unaharibika.

Fedha taslimu ndiyo sehemu ya kuogopa. Niruhusu nieleze nilivyoiona ikifanywa vizuri, kwa sababu kuelekeza bila kuonyesha hakutoshi.

Ilikuwa mtaa mmoja wa Temeke, wanachangia matundu manne ya vyoo vya wasichana katika shule ya msingi. Ndoo za plastiki zilikuwa sita, mifuniko imetobolewa mdomo mwembamba na kuzungushiwa gundi ya karatasi, juu ya gundi pamesainiwa na watu wawili. Jioni ndoo zilipelekwa darasani, zikawekwa juu ya madawati yaliyounganishwa. Mweka hazina alikuwa mama fundi cherehani, mtu wa sauti ndogo. Alimwita kijana wa bodaboda na mwalimu mkuu msaidizi wahesabu, yeye mwenyewe hakushika noti hata moja, aliandika tu kwenye kaunta buku. Kila ndoo ilihesabiwa na kijana, kisha ikahesabiwa upya na mwalimu. Ya nne ilipishana shilingi mia tano. Nikafikiri watapuuza. Mama yule akaweka kalamu chini, akasema, “Tuanze upya hii.” Wakarudia. Sarafu ilikuwa imeganda kwenye gundi chini ya mfuniko. Akaandika, wote watatu wakasaini, akapiga picha ya ukurasa na kuituma kwenye grupu la wazazi pale pale, kabla hata fedha haijatoka darasani. Jumatatu saa tatu asubuhi ilikuwa benki, na karatasi ya benki nayo ikaingia kwenye grupu.

Hivyo ndivyo inavyofanywa. Watu wawili wanahesabu, wa tatu anaandika, hakuna anayekwenda na ndoo nyumbani kulala nayo. Akaunti iwe ya kikundi na watia saini wasipungue wawili, na ikiwezekana wasiwe mume na mke wala ndugu. Lipa namba iwe ya kikundi pia. Najua kuisajili kunachukua siku kadhaa, kwa hiyo anza mapema. Namba binafsi ya mwenyekiti, hata awe mchamungu namna gani, inamweka kwenye majaribu na inamweka kwenye midomo ya watu.

Neno moja kuhusu picha, na hili linanikera kweli. Mtoto anayeugua, mama aliyebakwa, mzee aliyetelekezwa si mabango. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa za afya za mtu ni nyeti mbele ya sheria hiyo. Lakini hata isingekuwepo, fikiria huyo mtoto akiwa na miaka kumi na sita, mwenzake wa darasani anaikuta picha yake akiwa nusu uchi na jina la ugonjwa wake chini. Omba ridhaa ya mzazi kwa maandishi, mwonyeshe picha utakayotumia, na umwambie anaweza kukataa na bado akasaidiwa. Piga picha ya tofali, ya dawa, ya mikono, ya mlango wa choo uliopakwa rangi. Michango haitapungua kwa hilo.

Nimebakiza la mwisho ambalo kwangu ndilo lenye uzito wa yote, na nalisema kama mtu aliyelikosea. Kamati moja niliyokuwa katibu wake ilikusanya fedha za madawati. Hakuna aliyeiba. Fundi alichelewa, nasi tukaona aibu kutoa taarifa ya nusu, tukasema tusubiri madawati yakamilike. Miezi mitano ikapita. Madawati yalipofika, yote, mazuri, tulituma picha kwenye grupu na hakuna aliyejibu. Mwaka uliofuata tulipoita harambee ya paa la darasa, walikuja watu kumi na moja. Walikuwa wameshahukumu wakati wa ule ukimya, na mimi ningekuwa wao ningehukumu vile vile.

Kwa hiyo toa taarifa ndani ya wiki mbili, hata kama kazi haijaanza. Iwe ukurasa mmoja: zilizokusanywa, ahadi zilizolipwa na zisizolipwa, gharama za hafla, zilizopelekwa kwa mlengwa, salio, na nini kinafuata tarehe ngapi. Kama kuna kilichokwama, kiseme. Muibandike ofisi ya serikali ya mtaa, muitume kwenye grupu, na aliye na mimbari aisome msikitini au kanisani, maana si kila aliyetoa ana simu ya kisasa. Bibi aliyetumbukiza mia mbili ana haki ya kusikia sawa na kampuni iliyotoa milioni.

Yule mama wa Temeke aliisoma ya kwao uwanjani, Jumapili ya pili baada ya hafla, amesimama na kaunta buku ile ile. Hakukuwa na turubai wala muziki. Alisoma kila ndoo, kila ahadi, bei ya kila mfuko wa saruji, mpaka misumari. Watu walikuwa kama themanini, wengine wamekaa kwenye matofali yenyewe. Alipofika mwisho alisema zimebaki shilingi 14,200, akauliza zifanyweje. Kimya kidogo. Msichana wa darasa la sita, aliyekuwa amesimama karibu na mlango mpya wa bati, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

“Mama, komeo,” alisema. “Za kufunga kwa ndani.”

Mama akaandika.